Sindano za Mihayo

Tereza hakutaka hata kusikia habari za dawa. Timu yake ya kulipwa ilipowaita waendesha baiskeli kwenye semina pale Mwanza mjini, yeye ndiye aliyesimama akasema kuwa anayeshindana kwa dawa za kuongeza nguvu ni mwizi tu, kama mwizi wa ng'ombe. Watu walimpigia makofi. Mumewe, Mihayo, muuguzi katika zahanati moja ya binafsi, alikuwa safu ya nyuma, akapiga makofi pamoja nao.

Mihayo ndiye aliyemtunza. Tangu mimba yao ilipoharibika Tereza alipungukiwa damu, na mumewe akawa anamdunga sindano za madini ya chuma nyumbani kwao Buhongwa, taratibu, huku akimpa umbea wa zahanati ili asisikie maumivu. Damu ikarudi. Miinuko iliyokuwa ikimkata pumzi akaanza kuipanda akiwa amefunga mdomo, na msimu huo akamshinda Queen, binti wa Mabatini ambaye kwa miaka yote alikuwa akimwona mgongo tu.

Asubuhi moja Kemilembe, afisa wa kupima wachezaji, akabisha hodi. Tereza alimkaribisha chai, akatoa mkojo bila wasiwasi, akamwambia wangekuwa wanakuja mara kwa mara hivi mchezo ungesafishika.

Majibu yalitaja dawa wanayopewa wagonjwa wa figo ili damu yao iongezeke. Tereza alidhani chupa zimechanganywa. Akamsubiri Mihayo atoke kazini amsaidie kukata rufaa. Mihayo alisoma ile karatasi, akaketi.

"Mihayo, ulikuwa unanidunga nini?"

Kwanza alisema ni chuma. Halafu akasema ilikuwa chuma mwanzoni. Mwisho akamwambia, macho yakiwa sakafuni, "Wote waliokuwa mbele yako wanatumia. Nilichoka kukuona unalia kila baada ya mbio."

Tereza alidhani hakuna litakalomuuma kuliko hilo. Kanuni zilisema mchezaji ndiye anayejibu kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, ila adhabu ingeweza kupunguzwa kama Mihayo angefika kueleza ukweli. Mihayo aliahidi. Siku ya shauri Tereza alivaa gauni la kanisani, akamwekea mumewe kiti pembeni yake. Kiti kilibaki kitupu. Baadaye Mihayo alipiga simu, akasema akisimama mbele ya kamati leseni yake ya uuguzi imekwenda, na nyumba haiwezi kupoteza kazi zote mbili.

Tereza akafungiwa miaka minne. Kemilembe alimfuata nje, akamwambia kwamba yeye binafsi anamwamini, lakini kipimo huonyesha kilichomo mwilini, hakionyeshi mkono ulioshika sindano.

Tereza alirudi kwa mama yake Bujora. Usingizi ulimpaa kwa jambo moja: hakujua ni ushindi upi uliokuwa wake mwenyewe. Mwishowe akaichukua medali ya msimu ule, akampelekea Queen, akamsimulia yote bila kuficha.

Queen alimsikiliza hadi mwisho. "Mmelala kitanda kimoja," akasema. "Leo unataka niamini hukujua?"

Tereza aliona kwamba hata yeye, kama angekuwa Queen, asingeamini. Akaiweka medali mezani, akaaga.

Msimu uliofuata mbio zilipita Buhongwa. Tereza alikwenda kusimama kando ya barabara ya Shinyanga, katikati ya watu waliokuwa wakishangilia. Queen alitokea akiwa peke yake mbele, akipanda mwinuko kwa kasi, mdomo umefungwa, jasho hata halionekani. Watu wakapiga vigelegele. Tereza alimwangalia miguu, akamwangalia shingo, akamwangalia mikono mahali sindano inapoingia, mpaka Queen akapotea kwenye kona. Wengine wakapita, mmoja mmoja. Kila aliyepita, Tereza alimwangalia vilevile, na mikono yake ikakataa kupiga makofi.