Kadi za Migomba

Mkutano wa kijiji huko Kaisho, Agosti 1984, ulianza saa nne kwenye uwanja wa shule. Ajenda ya tatu ilikuwa kibanja cha Mbonimpa, yaani shamba lake la migomba. Egbert, karani wa kahawa aliyehamia mwaka juzi kutoka Muleba, alikuwa amekiomba.

"Mbonimpa, kitovu chako kimezikwa wapi?" aliuliza mwenyekiti Melkiory.

"Muyinga, Burundi, mzee."

"Basi wewe mgeni."

"Miaka ishirini na mbili, mzee? Nilikuta kichaka. Mke wangu Therese nimemzika humo."

"Basi wewe mgeni mzoefu."

Watu wakacheka. Egbert hakuulizwa kitovu chake.

Ndipo migomba ya Mbonimpa ikaja. Ilipanda barabara kwa mstari, udongo ukining'inia mizizini, mgomba mkongwe kuliko yote ukiwa mbele na nguzo yake kwa sababu ya mkungu. Mabenchi yalikuwa yamejaa, ikasimama nyuma. Mbuzi wa Melkiory akaanza kutafuna mche mmoja.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Egbert alipata arobaini na sita. Mbonimpa alipata mikono kumi na mmoja, na migomba mia tatu na miwili. Kila mgomba uliinua jani moja tu. Hakuna ulioiba kura.

"Migomba haina kadi za chama," alisema Egbert.

"Hata mbuzi wa mwenyekiti hana," alijibu Verdiana, jirani wa Mbonimpa, "na tangu asubuhi anakula mkutanoni."

Melkiory alifikiri. Migomba yote ilichipukia hapohapo kijijini. Hilo halikuwa na ubishi. Akaagiza iandikiwe kadi. Kazi hiyo iliendelea hadi saa tisa, maana majina hayakuwepo. Kisha akatangaza kwamba kura zote ni halali, ila mgeni hapigiwi kura, kwa hiyo kura zake zinahamia kwa mwenyeji. Egbert ameshinda kwa kura mia tatu hamsini na tisa. Hakuna iliyopinga.

Migomba ikarudi, kila mmoja kwenye shimo lake.

Siku hizi Mbonimpa ni kibarua wa Egbert, anapalilia. Kaburi la Therese hulipalilia pia, kwa ruhusa. Siku ya mkutano migomba huenda, na kwa kuwa haina mifuko, yeye ndiye huibebea kadi kwenye kikapu. Huzikabidhi kwenye kamba inayozungushiwa uwanja, huhakikisha yote imeingia, kisha hukaa nje kuingoja, maana mkutano ni wa wenyeji.