Tumbo la Pipa

Wachekeshaji wale walikuwa wawili, na hakuna aliyewaita kwa majina yao ya kuzaliwa. Mwembamba aliitwa Fimbo, mnene aliitwa Pipa. Fimbo alitunga maneno, Pipa alileta tumbo. Alilipiga kama ngoma, alisimamisha kikombe cha chai juu yake, akagombana nalo kama mtu na mkewe, na ukumbi mzima ukashika mbavu.

Siku moja mazoezini, Pipa alishika ukuta akasema nyumba inazunguka. Fimbo alicheka sana, akidhani ni kichekesho kipya. Alipoona jasho linamchuruzika mwenzake, kicheko kilimkauka mdomoni. Akamkimbiza hospitali.

Daktari, mama mmoja asiye na haraka, alimpima presha, akarudia kuipima. Akaagiza damu ichukuliwe. Kisha akamzungushia Pipa utepe wa kupimia kiunoni, na ncha mbili za utepe zikakataa kukutana.

"Baba, presha unayo, tena si ya leo," alisema majibu yalipotoka. "Sukari bado haijawa ugonjwa, ila inabisha hodi. Mafuta kwenye damu yamezidi. Na hili tumbo ndilo linalowalea wote hao."

"Daktari, tumbo hili halili bure. Ndilo linalonilisha!"

Daktari hakucheka. "Kila kimoja peke yake kinauchosha moyo. Vikiungana, mshipa unaweza kuziba, ukaamka umepooza, au usiamke kabisa. Dawa utameza kila siku, hata ukijiona mzima. Lakini kiuno hicho kinataka juhudi yako wewe."

Walipotoka nje, Fimbo alimshika mkono. "Kaka, meza dawa, sikatai. Ila tumbo usiliguse. Tumbo hilo ni letu sote."

Pipa alimtazama. "Kama ni letu sote, mbona presha ni yangu peke yangu?"

Fimbo, bingwa wa majibu, akauachia mkono wake, akatangulia njiani.

Basi Pipa akaanza. Asubuhi alitembea, mwanzoni akihema kama jogoo aliyekimbizwa. Mkewe alipunguza chumvi na mafuta kwenye sufuria ya nyumba nzima, akawaambia watoto kwamba hapiki vyungu viwili. Baada ya maonyesho, soda zilipozungushwa, Pipa aliomba maji. Fimbo aliangalia haya yote akingoja mwenzake achoke. Siku moja alimfuma nyuma ya jukwaa na sahani ya chipsi, akajisemea, yamekwisha. Lakini Pipa alifuta vidole, akampigia mkewe simu mwenyewe.

"Mama watoto, nimeteleza. Sijaanguka."

Kesho yake akatembea kama kawaida.

Miezi ikapita, mashati yakaanza kupwaya. Fimbo, roho juu, akaja na mto. "Uweke ndani ya shati tu, nani atajua?"

"Mto ni wa kulalia, ndugu yangu," alisema Pipa.

Jumapili mchana wakapanda jukwaani, ukumbi umefurika. Pipa alipotokea, kicheko hakikuja. Watu walitazamana. Mama mmoja wa mbele akapaza sauti: "Tunamtaka Pipa! Huyu si mdogo wake?"

Maneno yote aliyoyatunga Fimbo yalimtoroka.

Pipa akasogea mbele taratibu. "Mama, yule mnayemtaka alinimeza tangu ujana. Nimefanikiwa kutoka juzi tu."

Mtu mmoja akacheka, kisha safu nzima. Pipa akaivuta mbele suruali yake ya zamani, aliyoivaa huku ameishikilia kwa mkono isianguke, akachungulia ndani. "Fimbo! Njoo uone, kuna chumba kitupu humu!"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Fimbo alijikuta anaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, na watu wazima wawili wakazunguka jukwaa ndani ya suruali moja, wakipishana kushoto na kulia. Ukumbi ulilipuka. Fimbo, amebanwa ubavuni kwa rafiki yake, alimwangalia mtu huyu aliyethubutu kusimama mbele za watu bila silaha yake, akaona kwamba miaka yote alikuwa akiliheshimu tumbo tu, na mtu mwenyewe alikuwa hajamwona.

Safari iliyofuata ya hospitali walikwenda pamoja. Presha ilikuwa imetulia, sukari imerudi nyuma. Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Umejitahidi sana, baba. Dawa usiache."

"Daktari, mimi nisingeweza," alisema Fimbo. "Huyu ni mwanamume wa shoka. Ungemwona anavyopita mbele ya—"

"Na wewe ulipimwa lini?"

"Mimi? Mimi ni mwembamba!"

"Presha haichagui wembamba. Kaa hapo."

Fimbo akakunja mkono wa shati. Mkanda wa kupimia presha ulipoanza kujaa upepo, akafungua mdomo aendelee kumsifu mwenzake.

"Nyamaza, kaka," alinong'ona Pipa, akimsogezea kiti cha kuegemeza mkono. "Ukiongea inapanda."