Mlinzi wa Ukuta Ulioanguka

Revelian, mhariri wangu, aliirudisha riwaya yangu kwa mara ya pili, akaniita ofisini kwake Sinza ili anieleze kwa nini. Kisa ni kizuri, alisema. Sufuria ya pilau imeibwa harusini, mpelelezi ni mama muuza samaki mwenye mdomo, msomaji anacheka. Ila watu wanaomzunguka huyo mpelelezi wamepoa kama uji wa jana. Wanaingia, wanajibu swali, wanatoka. Alitaka watu wa pembeni wenye vituko vyao, tena kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi yangu anampa mwandishi mwingine. Nilitoka pale nimenuna. Vituko haviuzwi dukani.

Lakini Chang'ombe, nilikopanga chumba, kituko kilikuwepo. Mzee Jabiri, kaka wa mwenye nyumba wangu Bi Mwanabaraka, alikuwa mlinzi wa kiwanda cha nyuzi mpaka akastaafu, na kustaafu kwenyewe hakukukubali. Kila jioni alivaa kofia yake ya ulinzi, akafunga geti kwa kufuli, akalitikisa kuhakikisha. Ukuta wa pembeni ya geti hilo ulianguka masika yaliyopita; mbuzi anapita, hata pikipiki inapita. Yeye alikaa pale pale getini, na kila aliyefika, hata dada yake wa tumbo moja, alimuuliza anamtaka nani. Nasi sote, Mungu atusamehe, tulisimama getini tukajibu.

Nilimpa shikamoo yake, nikamwomba kwa adabu ruhusa ya kumtia kitabuni. Akataka kujua kama ndiye atakayemkamata mwizi. Nikamwambia hapana, yeye ni mtu wa pembeni tu.

"Pembeni ya nini, mwalimu? Mie nilikuwaga nalinda kiwanda kizima."

Hata hivyo alikubali, na hapo ndipo aliponimaliza. Kuanzia kesho yake alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Kofia akaitia kabatini. Geti akaliacha wazi, akaanza kuongea Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Narudi kutoka shuleni ninakofundisha, nimechoka, nakaribishwa kwa heshima na kuulizwa kama siku yangu ilikuwa njema. Nilimsihi arudi kuwa kama zamani. Akanijibu kwamba kitabu ni kitu cha kubaki, na hataki wajukuu wasome kuwa babu yao alikuwa kichekesho. Siku zikayoyoma. Niliandika, nikafuta, nikaambulia mlinzi mstaarabu asiyemuuliza mtu chochote, aliyepoa kuliko wale wa mwanzo. Kila nikiliona lile shati hasira zilinipanda.

Mwezi ukiwa ukingoni, akafa. Alijilaza baada ya adhuhuri. Alasiri ilipoadhiniwa hakuamka. Nilimlilia, ndiyo, lakini katikati ya kulia nilikuwa namlaumu pia. Mtu gani anaondoka bila hata kunirudishia kituko chake?

Alizikwa kesho yake, Ijumaa. Wanaume walipolibeba jeneza kwenda makaburini, nilijipenyeza chumbani kwangu, nikafungua kompyuta. Sijaandika hata mstari, mlango ukagongwa. Alikuwa Mwajabu, binti wa Bi Mwanabaraka. Mama yake anauliza mtani wake yuko wapi.

Mimi ni Mnyamwezi, wao Wazaramo. Ni watani toka enzi za mababu, na msibani mtani ana wajibu wake: amwigize marehemu, wafiwa wapate kucheka kidogo. Nilikuwa nimetumaini wameusahau. Nikamwambia Mwajabu nina kazi.

"Hii ndo kazi yenyewe, da Tekla," akasema, wala hakuondoka mlangoni.

Nikatoka nimefura. Niliingia chumbani kwa marehemu, nikaitoa kofia kabatini na kufuli mvunguni mwa kitanda, nikalifunga geti, nikalitikisa. Wanawake waliokuwa wanakuja na mchele wao wakalikuta limefungwa. Nikamhoji mmoja mmoja anamtaka nani, nikamwonya kwamba hapa ni sehemu ya ulinzi, asijiegemeze. Ukuta uko wazi pale pembeni, lakini hakuna hata mmoja aliyepitia huko. Walipanga foleni getini na mabeseni kichwani, wakicheka mpaka kanga zinawadondoka.

Kicheko kikamtoa Bi Mwanabaraka ndani. Alipita kwenye ule ukuta ulioanguka, akatoka nje, akasimama nyuma ya wenzake kama mgeni. Zamu yake ikafika.

"Unamtaka nani?" nikamuuliza.

"Namtaka Jabiri."

Ufunguo nilikuwa nao mkononi na sikujua niufanyie nini. Mtani hatakiwi kulia, kuna wafiwa wa kulia.

"Jabiri yuko kazini," nikasema. "Ingia umsubiri."

Aliingia, akaniangukia begani, akacheka na kulia kwa pamoja. Alipopata pumzi akanikosoa. Kaka yake alikuwa hakuulizi mpaka kwanza ajikune kisigino cha kushoto. Mwenzake akadakia kwamba mbuzi naye aliulizwaga, tena alisubiriwa ajibu. Wa tatu akasema siku ya ndoa yake mzee alimzuia bwana harusi mpaka shehe akamdhamini. Nikawauliza, kwa ukali kabisa, mwezi mzima mlikuwa wapi na maneno haya. Wakanicheka mimi sasa, wakaendelea mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini.

Niliandika yote, nikampelekea Revelian siku ya mwisho. Jioni akapiga simu. Watu wa pembeni sasa wako hai, alisema, kitabu anakichukua. Ila yule mlinzi apunguzwe, la sivyo hakipiti. Mtu afunge geti kwa kufuli na ukuta umelala chini, halafu watu wazima na akili zao wasimame kujieleza? Hakuna msomaji atakayekubali kwamba duniani kuna mtu wa namna hiyo.

"Tumemzika Ijumaa," nikamwambia. "Sipunguzi hata kisigino."

Nikakata simu. Magharibi ilikuwa imeshaingia na geti lilikuwa bado wazi, kwa hiyo nikachukua kufuli, nikaenda kulifunga.