Reli Pana Chumbani kwa Mama

Usiku wa jana niliota niko kwenye kikao cha kamati ya treni ya mjini, na wajumbe wote ni reli. Mwenyekiti ni taruma, lile gogo linalolaliwa na reli. Ni yeye peke yake aliyevaa tai.

Ajenda ni moja: upana. Mimi ndiye mpimaji wa kamati, kwa hiyo nimeshika fomu ya vipimo.

"Mimi ni mita moja kamili," inasema Reli Nyembamba, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Najikunja popote. Sibomoi nyumba ya mtu."

"Na unayumba," inajibu Reli Pana. "Mimi ni sentimita mia moja arobaini na tatu na nusu. Nimetulia, nabeba wengi. Nataka kona kubwa tu."

"Kona ipo?" anauliza Taruma.

Wote wananigeukia. Hawana macho, lakini wananitazama.

Fomu yangu inasema kona ya mashine ya unga inaitosha reli pana. Namba hiyo sikuipima. Siku ya kupima, mama yangu, Bi Siwema, mshonaji ambaye nyumba yake iko palepale konani, aliniita ninywe chai ingali moto. Nikakunja vifaa, nikakadiria kwa macho. Nilijiambia nitarudi, sikurudi. Na kikao cha kweli ni leo saa nne.

Nataka kusema haitoshi. Mdomo unasoma fomu.

"Inatosha," nasema.

"Imepita," anasema Taruma, na hapohapo sote tuko sebuleni kwa mama. Reli Pana inaingia bila hodi, inapita chini ya cherehani, inajinyoosha hadi chumbani na kujilaza pande mbili za kitanda. Mama amelala juu yake.

"Kanuni," inasema kwa upole wa karani, "ni kwamba kilicho katikati yangu kinaondoka."

"Huyo ni mama yangu."

"Yuko katikati."

"Nilikosea. Ile namba niliibuni."

"Una fomu nyingine?"

Sina. Mama anafumbua macho. "Hidaya, hawa wageni wamekunywa chai?"

Honi inalia upande wa jikoni. Vikombe vinagongana kabatini. Namvuta mama mkono, hasogei. Sijawahi kuogopa namna hii maishani mwangu. Nasukuma kitanda kwa bega, nasukuma kwa kichwa, namwomba Reli Nyembamba anisaidie, nayo inapenga kamasi. Gurudumu la kwanza linaingia mlangoni.

Nikaamshwa na simu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mama anapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi jana ulikuja kunihamishia kitanda?"

"Hapana, mama."

"Basi kimesogea mpaka ukutani. Na kwenye sakafu kuna mifereji miwili, imenyooka kama mshono. Saruji mpya hii!"

Bega langu la kulia lilikuwa linauma.

"Mama, chukua futi yako ya kushonea. Pima kutoka mfereji hadi mfereji."

Nikamsikia akiinama, akiguna kwa sababu ya magoti.

"Mia moja arobaini na tatu," alisema. "Ngoja nivae miwani. Na nusu."