Uzito wa Fidele

Jumatano, saa nne asubuhi, Maximilla alikuwa akianika muhogo kwenye turubai pale mumewe, Fidele, alipoanza tena kuwa mzito. Kigoda alichokalia kilizama udongoni mpaka miguu yote mitatu ikapotea. Maximilla alisogeza muhogo usije ukamwagika, akampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, naye akawapigia polisi. Ndivyo ilivyokuwa kila ugonjwa wa akili ulipomshika Fidele: maneno yalimwishia, usingizi ukakatika, na mwili ukawa mzito kuliko magunia kumi ya maharage. Majirani wa barabara ile ya kwenda Mabamba walishazoea. Walimwonea huruma, wakaendelea na safari zao za shamba.

Polisi walikuja wanne. Koplo Lukmani, mkubwa wao, alimwamuru Fidele asimame. Fidele hakusimama. Wakamtia pingu, wakamvuta, wakampiga virungu viwili vitatu vya mgongo, na kwa kila kirungu akawa mzito zaidi. Walipomwingiza garini kwa msaada wa wanaume tisa, springi za gari zikakatika. Lukmani aliandika kwamba mtuhumiwa amekaidi amri na kuharibu mali ya serikali.

"Si mtuhumiwa, afande, ni mgonjwa," alisema Maximilla.

"Ugonjwa unathibitishwa na zahanati, mama. Sisi hatupimi watu."

Na zahanati nao walishasema kwamba mgonjwa wa namna ile hawamgusi mpaka polisi wamtulize kwanza. Haya, sasa hapo mtu aende wapi?

Basi akapita nesi mpya, Shamsia, binti wa wenye duka wa Kasulu, akitoka kuchanja watoto. Alishuka kwenye pikipiki, akawaomba polisi wamteremshe Fidele, akaketi naye vumbini na sare yake nyeupe.

"Mwakeye, Fidele," akamwamkia kwa Kiha. "Umelala lini mara ya mwisho?"

Fidele alifikiri sana. "Jumapili."

Shamsia aliomba uji, akakaa. Alimfukuzia nzi tu. Ilipofika saa saba alimshika kiwiko, akamwinua kwa mkono mmoja kama mtu anayeokota kapu tupu, wakaenda zahanati kwa miguu. Lukmani alidai pingu zake.

Watu walimshukuru Mungu. Maximilla hakumshukuru mtu. Wivu ulimshika, jamani! Miaka kumi na sita, wa kumpikia ni yeye, wa kumfulia ni yeye, wa kumsaka porini kwenye mizinga ya nyuki ni yeye. Na muda wote huo hajathubutu kumtaja mumewe kwa jina. Anamwita Baba Ange, kwa heshima, kama alivyolelewa. Leo kinakuja kibinti cha juzi juzi, Fidele, Fidele, mbele za watu, na mume wa mtu anakuwa mwepesi! Kwa mkewe hajawahi kupungua hata kilo moja.

Alijaribu. Mwezi uliofuata, Fidele alipoanza kuzama godoroni, aliketi karibu yake akasema, "Fidele. Umelala lini?" Lakini alisema huku akimchungulia usoni, aone kama atalegea vile alivyolegea kwa yule. Fidele aligeukia ukutani, na chaga za kitanda zikavunjika zote. Ikabidi Shamsia aitwe.

"Mkono wako una dawa gani, binti?" aliuliza Maximilla, mumewe alipokwisha kuinuliwa.

"Hauna kitu, Mama Ange. Nakaa tu mpaka awe tayari. Hata wewe utaweza, usiwe na haraka."

"Unanifundisha mume wangu?"

Kesho yake Maximilla alikwenda kwa mtendaji wa kijiji akaandikisha malalamiko kwamba nesi anashikashika waume za watu. Zahanati ilikuwa imeomba dawa za wagonjwa wa akili kwa miaka miwili bila kujibiwa. Malalamiko ya Maximilla yalijibiwa ndani ya siku tisa: Shamsia ahamie Kasanda. Aliondoka na begi lake na jiko la mkaa, akamwachia Maximilla salamu za kumfikishia Fidele. Salamu hizo hazikufika.

Ugonjwa uliporudi, polisi walikuja na trekta na mnyororo. Walimburuta Fidele hadi kituoni, na mfereji uliobaki barabarani ulifaa sana kupitisha maji ya mvua. Sakafu ya mahabusu ilipotitia, Lukmani aliagiza saruji mifuko sita, mafundi wakamzungushia Fidele zege. Kazi ilikuwa nzuri.

Maximilla alimpelekea ugali kila mchana. Siku ya nne Fidele akafungua kinywa.

"Yule nesi yuko wapi?"

"Ameolewa huko," alisema Maximilla. "Hataki hata kusikia habari zako."

Zege likapasuka. Kisha Fidele akapitisha mkono wake katikati ya nondo, akaulaza juu ya mkono wa mkewe. Maximilla alisikia vidole vyake mwenyewe vikivunjika, kimoja baada ya kingine, na machozi yakamtoka, lakini hakujaribu kujinasua.

"Mama, muda wa kuona ndugu umekwisha," alisema Lukmani mlangoni.

"Ngoja kwanza, afande," alijibu bila kugeuka. "Leo kanishika mimi."