Kazi ya Raafat

Kwa miaka kumi na tisa, mtu wa Madaba, mji wa Jordan, akitaja breki, jina lililofuata lilikuwa la fundi Mufleh. Kisha Raafat, mtoto wa baba yake mdogo, akarudi kutoka Kuwait, akafungua gereji ng'ambo ya barabara, mkabala na yake, na kabla zeituni hazijachumwa watu walikuwa wakimtaja Raafat.

Mufleh alimwambia mkewe kwamba hana kinyongo. Lakini kila gari lililokata kona kuingia kule lilimchoma rohoni. Alijua ni la nani, limekaa muda gani, na kama mwenyewe ametoka akicheka.

Jumamosi moja gereji ya Raafat ilikuwa imefungwa. Alikuwa amekwenda Amman kufuata vipuri. Mwalimu Najib wa shule ya wavulana akaingia kwa Mufleh na gari lake, mama yake ameketi mbele na kikapu cha mikate mapajani.

"Abu Shakir, breki zinapiga mluzi," alisema, akimwita Mufleh kwa jina la mwanawe. "Nampeleka mama kwenye chemchemi za maji ya moto za Ma'in, akakande magoti. Sikupenda kuteremka ule mlima na kelele hizi."

"Nani alizifunga?"

"Binamu yako, Jumatano. Aliniambia zitalia siku mbili tatu mpaka zizoee, ila mama ana hofu."

"Sina hofu," alisema mama. "Nina miaka themanini na moja. Nimesema tu nasikia."

Mufleh alipiga jeki, akafungua gurudumu. Alikuwa akitafuta kosa, naye alilitafuta kwa hamu kama mtu mwenye njaa. Hakuliona. Diski ilichongwa ikalainika sawasawa. Pini zilipakwa grisi kwa kiasi. Pedi zilikuwa mpya, nene, za daraja la juu, na kingo zake zilipigwa tupa kidogo zisikwaruze. Hilo la tupa ndilo lililomuuma zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa akilifanya zamani, akaliacha, kwa kuwa hakuna mteja anayeliona.

Angeweza kurudisha gurudumu na kusema nenda salama.

"Mwalimu," alisema, "hizi ni za bandia. Mshukuru Mungu umepitia kwangu."

"Raafat aniwekee za bandia?"

"Sisemi kitu juu ya binamu yangu. Nakuonyesha tu."

Akazichomoa pedi za Raafat. Rafuni alikuwa na maboksi mawili ya zamani yaliyolingana na gari lile, yamekaa huko miaka na vumbi lake. Akafunga za boksi moja, akakataa kulipwa.

"Ukiulizwa, sema tu nani alikutengenezea," alisema.

Mama Najib alimtazama kwa muda, kisha akatazama ng'ambo ya barabara. Wakaondoka.

Alipokuwa akirudisha vifaa, Mufleh alilichukua boksi la pili. Sijui kwa nini alichukua pedi moja akaingiza ncha ya bisibisi pembeni. Pengine mkono wa fundi una mazoea yake. Kitambaa cha pedi, ile sehemu inayobana diski, kilibanduka chote kutoka kwenye bati, kikaanguka sakafuni kama gamba. Gundi ilikuwa imekwisha kuwa unga.

Alikaa chini pale pale. Barabara ya Ma'in hushuka kona baada ya kona, na dereva huishi na mguu kwenye breki. Hakuwa na namba ya simu ya mwalimu. Aliyekuwa nayo ni Raafat, aliyeandika namba za wateja wake wote daftarini, na ambaye wakati huo huo alikuwa akishusha vipuri mlangoni kwake.

Mufleh alivuka barabara ameshika pedi za Najib.

"Mpigie Mwalimu Najib," alisema. "Mwambie asimame. Nimetoa hizi, nimemwekea mbovu."

Raafat alizitambua. "Zilikuwa na nini?"

"Hazikuwa na kitu."

Raafat alipiga simu mara tatu kabla haijapokelewa. Alisema polepole, kama anaongea na mtu aliyebeba mayai: "Mwalimu, ingiza gia namba moja. Breki usizikanyage mfululizo. Ukifika pa kutulia, simama, weka mawe kwenye magurudumu. Tunakuja."

Walikwenda na gari la Raafat. Najib walimkuta baada ya kona ya tatu, ubavu wa gari umeegemea mwamba, gurudumu la mbele linafuka moshi. Alikuwa ameketi juu ya jiwe. Mama alikuwa akila mkate.

Raafat alifungua gurudumu. Pedi moja ilikuwa imebaki bati tupu. Akarudisha zile zake, akapampu pedali mpaka ikawa ngumu.

"Boksi bovu," alimwambia Najib. "Jambo hili humpata fundi yeyote."

Najib akamkumbatia Mufleh. "Umekuja mwenyewe mpaka huku. Mungu akuweke."

Njiani kurudi, Mufleh alihisi afadhali angetukanwa. Hata kwa huruma Raafat alikuwa amemzidi.

"Mbona hukumwambia?" aliuliza.

"Si langu kusema, Abu Shakir. Ni lako."

Kesho yake asubuhi, Jumapili, ambayo kule ni siku ya masomo, Mufleh alikwenda shuleni, akamwambia Najib kila kitu, wamesimama uani wanafunzi wakipita. Najib alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alinieleza jana," alisema. "Alisema fundi asiyetaka hela, macho yake yako kwa jirani, huyo ana lake jambo. Mimi nikamwambia anakusingizia."

Hakumpa mkono. Aliingia darasani.

Mufleh alirudi gereji, akayatupa maboksi ya zamani yote. Wiki ile gari la Najib liliingia kwa Raafat kukaguliwa, na Mufleh, akiwa chini ya gari la mtu mwingine, alilitambua kwa mlio wa injini yake, nao wivu ukamjia kama siku zote. Safari hii hakutoka kwenda kuchungulia. Alitafuta tupa, akaanza kuzisugua kingo za pedi iliyokuwa mkononi mwake.