Gunia Linaloondoa Maumivu

Mwaka ule walipokuja Wazaire, kazi ya magunia ilikuwa nyingi kuliko watu wa kubeba. Treni ilifika Kigoma na mabehewa ya unga na maharage ya wakimbizi, magunia yakashushwa, yakapakiwa kwenye malori, malori yakaenda kambini. Mwanangu Faridi alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa fundi cherehani hapa Ujiji, kibarazani petu, na miaka mitano alikuwa ameikaa kwenye kiti. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililotuponza, ingawa wakati ule sikuliona.

Cherehani ilivunjika gurudumu wiki moja kabla ya Ramadhani. Gurudumu liliagizwa Tabora na halikuja. Faridi akasema ataingia kwenye kundi la wachukuzi wa stesheni mpaka lifike. Mnyapara wa kundi lile aliitwa Castory, mtu mnene wa shingo, si mbaya. Alikuwa na sharti moja alilolikuta na yeye: mgeni haketi. Siku tatu za kwanza, mtu mpya habwagi matako chini mpaka behewa liwe tupu. Akiketi, anarudisha kata yake, ile ngata ya kuwekea gunia kichwani, na anakwenda zake. Akimaliza siku tatu, amekuwa mtu wa kundi.

Siku ya kwanza Faridi alirudi karibu na magharibi, anacheka. Mikono ilikuwa inatetemeka hata uji wa kufuturu ukamwagikia kifuani.

"Umechoka," nikamwambia.

"Mama, gunia la kwanza na la pili nilisikia mabega yanang'oka. La tano sikusikia kitu. Nilikuwa kama gari linaloteremka mlima."

Alfajiri yake alitoka chumbani ameshika ukuta. Mapaja yamekaza, mikono haifiki kichwani. Nikapasha mawese na chumvi nikamkanda, nikamwambia alivyoniambia mama yangu nilipoanza kulima shamba la mihogo: maumivu ya kazi ni baridi, na baridi haiondolewi kwa kulala, inaondolewa kwa kazi ileile. Mama yangu hakuwa mwongo. Mimi nililima na maumivu yakaniondoka. Lakini mimi nilianza kulima nina miaka saba, na kijembe cha mtoto.

Mzee Mwinshehe alipita kumchukua. Ni jirani yetu, mchukuzi wa siku nyingi, na yeye alikuwa amefunga kama sisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu mwache leo, Mama Faridi. Tazama anavyosimama, kama kuku aliyefungwa miguu."

"Akilala leo, kesho hataamka kabisa. Si wewe mwenyewe unabeba na saumu yako?"

"Mimi nabeba mpaka adhuhuri, nakwenda zangu. Castory ananijua. Na mimi sikuanza na gunia. Nilianza na mikungu ya ndizi ya mama, nikaja kwenye nusu gunia. Gunia zima lilinikuta mwaka wa pili."

Nilimjibu vizuri kwa mdomo. Moyoni nilisema, huyu ana mpwa wake anayetaka nafasi ile. Kweli mpwa alikuwapo, na kweli alikuwa anatafuta kazi. Kwa hiyo nikajiona nina akili.

"Aende tu," nikasema. "Mwili ukipata moto utanyooka."

Na ulinyooka. Hapo ndipo wengi tunapopotea, mzazi mwenzangu unayesoma. Jioni ya pili Faridi alirudi akaniambia nilisema kweli: magunia manne ya mwanzo alitaka kulia, la tano maumivu yakatoka kama mtu aliyepewa dawa. Tukacheka wote wawili. Sikumwuliza amekunywa maji kiasi gani baada ya kufungua, wala amekojoa mara ngapi tangu asubuhi.

Siku ya tatu mapaja yalikuwa yamevimba, ngozi inang'aa. Nilibonyeza kwa kidole, yakawa magumu kama mkate wa jana. Faridi alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, leo miguu siyo yangu."

"Ni ya nani?"

"Sijui. Nikiiambia simama inafikiri kwanza."

"Imebaki siku moja, Faridi. Utarudisha kata kwa sababu ya siku moja?"

Nilimshika mkono nikamwinua, nikamsukuma mgongoni kwa kiganja, taratibu, kama unavyomtoa mtoto kwenda shule. Alifika mlangoni akachechemea, alipofika barabarani alikuwa anatembea vizuri. Nikaona nimefanya kazi ya mzazi.

Siku hiyo walishusha behewa moja na nusu, jua kali, hakuna upepo wa ziwani. Mzee Mwinshehe aliniambia baadaye kwamba adhuhuri alimvuta pembeni akamwambia aketi, na kama mwili umemshinda afungue, siku atailipa, dini haikumkataza. Faridi akamjibu, "Mzee, sisikii kitu kabisa. Nikiketi ndiyo nitasikia." Akaendelea. Vijana wa kundi wakamwita fundi chuma. Behewa lilipokuwa tupu Castory alimpa kata mpya, ya kwake mwenyewe.

Alirudi nayo kichwani. Akaketi mkekani, akafuturu kidogo, na pale mkekani ndipo alipobaki. Hakuweza kuinuka. Hakusema anaumwa, alisema tu kwamba miguu imekataa.

Asubuhi alikojoa kwenye kopo kwa sababu choo kilikuwa mbali naye. Nilikwenda kumwaga nikaona mkojo una rangi ya kahawa, kahawa nyeusi ya wazee wa barazani. Sikushtuka. Mimi nimesoma mpaka la saba, na darasani kulikuwa na picha ya konokono na mtoto anayekojoa damu. Sisi wote hapa tumekulia majini. Nikasema ni kichocho, kumbe ndicho kilichomlegeza miguu. Nilipata hata nafuu ya moyo, kwamba ugonjwa una jina na dawa yake ipo. Nikajitanda khanga kwenda kuitafuta.

Bombani nilimkuta jirani yangu Safina na mgeni wake. Mume wa Safina ana ndugu ng'ambo ya ziwa, kama watu wengi wa Ujiji, na mgeni huyu alikuwa amevuka na ndugu huyo kwa mtumbwi kutoka upande wa Uvira. Aliitwa Leonia. Kule kwao alikuwa muuguzi. Alikuwa anasubiri kupelekwa kambini, na kwa kawaida alikuwa hasemi na watu, anachota maji na kurudi ndani. Nilimweleza Safina habari ya kichocho na mkojo wa rangi ya kahawa. Leonia akaweka ndoo chini.

"Mama, huyu mutoto alibeba?"

"Alibeba nini?"

"Muzigo. Alibeba muzigo siku hizi?"

"Siku tatu. Magunia."

"Zamani alikuwa anabeba?"

"Zamani alikuwa anashona."

"Hii si kichocho," akasema, sauti ileile ya kuulizia bei ya ndizi. "Kule kwetu askari walibebesha watu masanduku mpaka mulimani, walimu, makarani, watu wa kuketi. Njiani walikuwa wanatembea tu, hawalii. Wakishafika, wanalala, mukojo unakuwa wa hivi. Ni nyama ya mwili imevunjika inatokea kule. Kisha mukojo unakatika. Ukikatika, mama, ni mwisho. Mupe maji sasa hivi, na mupeleke hospitali."

"Amefunga."

"Amefungua," akasema Leonia. "Leo amefungua."

Alikuja mpaka kwangu. Alimshika Faridi mapaja mara moja, akamnywesha vikombe vitatu kimoja kimoja. Akaniambia nichukue mkojo kwenye chupa nyeupe, na nikifika nisiseme kichocho, niseme maneno haya: alibeba siku tatu, hajazoea, mkojo umekuwa mweusi. Alinirudisha mara mbili niyaseme, kama mwalimu. Yeye hakuja hospitali. Hakuwa na karatasi.

Mzee Mwinshehe alileta mkokoteni. Tulimsukuma Faridi mpaka barabara kubwa, na pale lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kambini likatubeba. Alilala sakafuni juu ya unga uliomwagika, ngozi yake nyeusi ikawa nyeupe mgongoni. Mzee Mwinshehe alikaa miguuni kwake. Hakunikumbusha neno lolote alilokuwa ameniambia. Heri angenikumbusha.

Hospitalini foleni ilikuwa imetoka nje, wenyeji na wakimbizi pamoja. Mtu wa mapokezi aliiona chupa mkononi mwangu, nyeusi kama chai.

"Mama chai, subiri na wenzako."

Nikasema maneno ya Leonia. Sikuyamaliza. Aliniangalia, akaichukua chupa akaipeleka ndani, na Faridi akaingizwa kabla ya watu waliokuwa mbele yetu.

Daktari alikuwa kijana, ana macho ya mtu asiyelala. Alinieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa natazama sindano. Alisema msuli usiozoea, ukilazimishwa kazi nyingi siku mfululizo, unavunjika ndani, na uchafu wake unaingia kwenye damu. Figo ni chujio. Chujio likipitishiwa machicha bila maji ya kutosha, linaziba.

"Lakini alikuwa hasikii maumivu," nikamwambia. "Akibeba yanaondoka."

"Yanaondoka, ndiyo. Mwili ukiwa kwenye kazi unajipunguzia maumivu wenyewe. Hata mtu aliyezoea yanampungua. Tofauti ni kwamba yule aliyezoea, msuli wake umejengeka polepole, unauweza mzigo. Wa huyu ulikuwa unavunjika kimya."

"Kwa hiyo maumivu yalikuwa kweli na kuondoka kwake kulikuwa uongo."

Akafikiri. "Vyote kweli, mama. Ila kuondoka kwa maumivu hakukwambii kwamba umepona."

Siku ya kwanza walimwekea chupa za maji za mshipani, moja ikiisha inatundikwa nyingine. Siku ya pili mkojo ulikatika. Tangu asubuhi mpaka alasiri hakutoa hata tone. Daktari alipita mara nne. Ile mashine ya kusafisha damu, alisema, Kigoma haipo. Aliposema hivyo nilielewa kilichobaki. Nilishika chupa tupu mapajani nikaitazama. Sikulia. Nilikuwa nahesabu hatua za kutoka kitanda chake cha nyumbani hadi mlangoni nilikomsukumia.

Baada ya alasiri Faridi akasema, "Mama, chupa." Yakatoka matone, kama vijiko viwili, meusi. Muuguzi aliyapokea kwa mikono miwili.

Siku zilizofuata nilikuwa naipeleka chupa dirishani, naishika kwenye mwanga. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mvuvi wa Kibirizi aliyekatwa na nyavu, alikuwa ananiuliza, "Mama Faridi, leo chai ya mkandaa, ile nzito, au ya rangi nyepesi?" Siku ya sita nikamjibu ya rangi. Siku ya tisa nikamwambia ni maji ya ndimu. Wodi nzima ikapiga makofi.

Castory alikuja kutuona na ndizi. Alisimama, kofia mkononi.

"Kijana wako hakuketi, mama. Siku zote tatu."

"Ameketi sasa," nikamwambia. "Siku kumi na moja."

Aliweka ndizi kitandani, akatoka. Lakini Mzee Mwinshehe ananiambia tangu siku ile sharti lile halikusikika tena kwenye kundi lake, na mgeni anaanza na nusu siku.

Tuliporudi nyumbani Leonia alikuwa ameshaondoka. Walimpandisha kwenye lori la kwenda kambini, akaketi juu ya magunia. Safina anasema aliuliza kitu kimoja tu kabla ya kupanda, kama mkojo ulirudi.

Gurudumu la cherehani lilifika baada ya Idi. Faridi alishona miezi minne, kisha akataka kurudi stesheni. Sikumkataza. Mapaja yalikuwa yamebaki membamba, na daktari alisema kazi si adui, haraka ndiyo adui. Alianza na Mzee Mwinshehe, mizigo midogo, siku moja kazi, siku moja mapumziko, chupa ya maji kiunoni. Mabega yalimuuma, akapumzika mpaka yakaacha yenyewe bila gunia. Sasa anabeba zima.

Mwenye kijana anayekwenda kwenye magunia na akarudi anacheka, naandika kwa ajili yako. Usimwulize kama anaumwa. Atakwambia hapana, na hatakuwa anakudanganya. Mimi kila jioni akiingia mlangoni ananiamkia, namjibu, na kabla hajavua viatu namwuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rangi gani?"

"Mama, kuna wageni."

"Wageni nao wanakojoa. Rangi gani?"